Sentensi ya Léonie

Jumamosi, mwalimu mstaafu Watson aliandika ubaoni, kanisani, maneno mawili: "since" na "for". Wanafunzi wake ni wachuuzi wa samaki kutoka Kongo, wanaotafuta Kiingereza cha kuuzia sokoni Nchelenge, upande wa Zambia. "For", alieleza, hutaka kipimo: siku tatu, miaka kumi. "Since" hushika siku jambo lilipoanza, nalo bado linaendelea. Kila mtu atunge sentensi mbili.

Léonie alitunga moja. Anamngoja mumewe Didier "since" ile Alhamisi alipovuka ziwa kwenda kisiwa cha Chisenga kununua samaki. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana.

"Na ya 'for', bamayo?" Watson akauliza kwa upole, akimwita mama kwa Kibemba.

"Ile sina, ba mwalimu."

Kwao kichwa cha samaki ni cha baba wa nyumba. Basi kila jioni Léonie alikitenga kichwa, akakifunika kwa sahani, akakiweka mezani. Wanasema subira huvuta heri. Subira ya Léonie ilivuta paka wa jirani tu, tena alinenepa.

Jumamosi hiyo, aliporudi nyumbani, alimkuta shemeji yake Blanchard, mdogo wake Didier, amekaa mlangoni.

"Mulamu, miaka ine sasa. Utupatie koti yake tuizike, matanga iishe."

"Ile siku haiyaisha, Blanchard. Mukizika koti, munamuzika yeye."

Blanchard aliinamisha kichwa. "Mama anazeeka. Kila asubui anaenda kwa maji kumuita. Anataka kaburi ya kulilia, njo ile tu."

Léonie alikuwa amedhani anangoja peke yake. Hakuwahi kumwuliza mama mkwe analala vipi. Akaingia ndani, akalinusa koti kwa mara ya mwisho, akalitoa.

Jumapili walilizika. Mama mkwe alilia mpaka sauti ikamwishia, kisha, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, akaomba chakula.

Jioni Léonie alisonga bukari, ugali wa kwao, akapika samaki. Akafungua daftari, akaandika sentensi ya pili: alimngoja Didier "for" miaka minne. Kisha akavuta sahani, akala kichwa mwenyewe huku machozi yakimdondokea vidoleni. Kilikuwa kitamu, na utamu huo ndio uliomchoma moyo.