Mama Aliyenichagulia Kompyuta Same

Utacheka, najua. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, saa saba mchana pale Same mjini, jua linawaka. Nani alikuambia marehemu hutembea usiku tu?

Wakati huo nilikuwa Lembeni, nachora mabango na kadi za harusi kwa brashi. Mimi si mwenyeji. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Biashara huria ilikuwa imeshaingia, kadi za kompyuta zinaletwa kutoka Moshi zinang'aa, na wateja wangu wakaanza kunipita kama hawanijui. Nikauza ng'ombe wetu wa maziwa. Fikiria, ng'ombe anayewanywesha wanao unamgeuza kompyuta ya mtumba! Nikikosea, tumekwisha.

Dukani kwa Bwana Mruma, pale Same, kompyuta zilikuwa kama kumi hivi. Akanionyesha moja nyeupe, nzuri, na spika zake pembeni. "Chukua hii, fundi. Ya kisasa." Mara umeme ukakatika, akatoka kuzunguka nyuma kuwasha jenereta.

Ndipo nikamwona yule mama, amekaa kwenye kigoda pembeni. Kitenge cha bluu, kucha za kahawia kama za mtu aliyeshika dawa za kusafishia picha miaka mingi. Nilipoingia hakuwepo, naapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unataka ya kazi gani?"

"Kadi na mabango. Mungu akijalia, na video za harusi."

"Basi hiyo nyeupe iache. Ina sura tu. Ifungue uone."

Nilikuwa na bisibisi mfukoni, nikafungua. Ndani memori kijipande kimoja, nafasi nyingine tupu.

"Ukifungua picha mbili kubwa, inaganda," akasema. "Hiyo ni ya watu wa kuandika barua. Wewe tafuta memori ya kutosha, diski yenye nafasi, na skrini isiyodanganya rangi. Gauni jekundu la bibi harusi likitoka rangi ya matofali, utamwambia nini mama yake?"

Akacheka, kicheko cha mtu anayeipenda kazi yake. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea dude moja la kijivu, kifuniko kimepasuka. "Chukua ile. Na wasiifute kabla hujatazama ndani. Unanisikia, baba?"

Jenereta likanguruma nyuma. Nikageuka kidogo tu. Niliporudisha macho, kigoda kitupu. Duka lile lina mlango mmoja, na mlangoni nilisimama mimi.

Bwana Mruma alishangaa nikichagua dude lile. Akataka kulifuta aniwekee programu mpya bure, nikakataa. Nikamuuliza yule mama ni nani. "Mama gani?" akasema.

Nyumbani nikaiwasha. Imejaa harusi, vipaimara, watoto wamevaa viatu vipya. Halafu picha moja ikafunguka: yule yule mama, kitenge kile kile, amejipiga mwenyewe kwenye kioo, kamera kifuani.

Kesho yake nikarudi Same na picha hiyo nimeichapisha. Bwana Mruma akaitazama, akavua kofia. "Huyu ni Mama Nakijwa. Alikuwa na studio hapa mjini. Tulimzika kwao Kighare, kule milimani Ugweno, mwaka wa pili huu. Ile kompyuta waliniuzia nduguze."

Nikapanda Ugweno. Nakijwa, bintiye, nilimkuta anachuma kahawa. Aliipokea ile picha kwa mikono miwili, akakaa chini pale pale kati ya mibuni.

"Mama alipiga picha watu wote wa huku," akasema. "Yake mwenyewe hatukuwa nayo hata moja."

Alilia, kisha akacheka, na kicheko kile nilikitambua.

Tangu hapo kazi imetulisha vizuri, na ng'ombe mwingine tukanunua. Mke wangu hacheki tena. Kila nikikaa kutengeneza kadi huniwekea kiti cha pili kando, na kuna siku tunakisikia kikilia kidogo, kama mtu anajiweka sawa. Hatuogopi. Tunamkaribisha.

Lakini wewe unayewapiga wenzako picha kila siku, nakuonya: simama na wewe mbele ya kamera, wanao wapate nakala ungali hai. Usije ukalazimika kurudi mwenyewe kutafuta wa kuwapelekea.