Siku Majembe Yalipolazwa kwa Ajili ya Mwimbaji

Juzi simu yangu iliandika, "Siku kama ya leo alifariki mwimbaji huyu," nikasikia tena harufu ya udongo wa palizi kijijini kwetu Maretadu. Siku moja nikiwa mtoto, redio yetu ilisema vilevile. Mimi nikaelewa amekufa mchana uleule, nikakimbia shambani kwa kasi ya kuaibisha pikipiki.

"Shangazi! Mwimbaji wako amefariki!"

Majembe yote yakalazwa chini, maana kwetu msiba ukiingia hakuna anayelima. Shangazi, aliyempenda mtu yule kuliko ugali, akakaa chini akalia.

Baba akaja akicheka. "We binti, huyo amekufa hata hujazaliwa!"

Nikamvuta shangazi mkono. "Nyamaza basi, ni zamani."

"Kwangu amekufa leo," akasema.

Watu wakaokota majembe yao. La shangazi nililibeba mimi.