Wino Usiofutika na Sufuria ya Mama

Hadi leo nikiona maka peni dukani napandwa na hasira. Imeandikwa ubavuni kwamba wino wake ni wa kudumu. Wa kudumu wapi? Juu ya nini? Hawasemi. Wangesema, mama yangu asingepata aibu aliyoipata.

Kwetu Kawetele kila nyumba ilitoa vyombo kwenda msibani: sufuria, sahani, mabakuli, ndoo. Kwa siku tatu au nne vyombo vya watu wote vilichanganyika jikoni kwa mfiwa, chini ya migomba, na siku ya kuanua matanga kila mama alitakiwa kuondoka na chake. Aliyesimamia kazi hiyo ni mama yangu. Kusoma alisoma kwa shida, lakini aligeuza sufuria, akapitisha kidole chini ya ukingo, akakwambia ni ya nani. Kila nyumba ilikuwa na alama yake iliyokwaruzwa kwa msumari: msalaba, mistari miwili, duara. Akina mama wa kanisa walimwamini, na mama aliishi kwa imani ile. Ilikuwa heshima pekee aliyopewa tangu awe mjane.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi katika duka la vifaa vya shule, Tukuyu mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa vitu kwa ghafla, na humo ndimo nilimokutana na maka peni. Wino wake haukuwa wa maji kama ule wa kalamu zetu za shule. Rangi imeyeyushwa kwenye spiriti, pamoja na kitu kama gundi. Ukiandika, spiriti inaruka hewani, ndiyo ile harufu inayopanda kichwani, na rangi inabaki imeshikwa na gundi. Maji yakija hayana la kuifanya. Nilijaribu. Niliandika kwenye boksi nikalianika kwenye mvua ya Tukuyu, ambayo haina simile. Jioni boksi lilikuwa uji, lakini herufi zilisomeka.

Basi nikajiona mtaalamu. Nikamwambia mama kwamba mambo ya kukwaruza misumari yamepitwa na wakati, niandike majina.

“Gwe mwanangu, una hakika?” aliniuliza.

“Mama, hii haifutiki.”

Jumamosi moja akina mama wakaleta vyombo vyao kwetu. Nilichukua msasa nikazisugua zile alama mpaka zikaisha, ili nipate mahali safi pa kuandikia. Bibi mmoja jirani alinitazama nikisugua msalaba wake. “Sasa mimi nisiyesoma nitaijuaje sufulia yangu?”

“Utamwuliza anayesoma,” nilimjibu. Wengine wakacheka. Laiti ningelala ndani siku ile.

Sufuria ya mwisho ilikuwa ya mama. Kubwa, nzito, ya kupikia watu wengi. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja kugawana mali, wakabeba mpaka vigoda. Sufuria ile ilinusurika kwa sababu siku hiyo ilikuwa msibani kwa watu. Kilichobaki cha ndoa yake kilikuwa hicho. Alama yake, mistari mitatu, niliisugua mwenyewe.

Haukupita mwezi, jirani yetu mchuma chai akafariki. Vyombo vikaenda. Zikapikwa ndizi za nyama zenye mafuta ya kutosha, juu ya kuni mbichi zenye moshi. Akina mama wakaosha kama walivyoosha siku zote: majivu, mchanga, na majani makavu ya mgomba, wakisugua mpaka sufuria ing’ae. Siku ya kuanua matanga zote ziling’aa. Hapakuwa na jina hata moja.

Boksi hunywa wino ukaingia ndani ya nyuzi zake. Sufuria hainywi kitu. Wino unakaa juu juu tu, na chini yake ukiwa na mafuta, haushiki kabisa. Mambo haya nilipaswa kuyafikiria kabla ya kushika msasa.

Palikuwa na kelele siku ile, acha tu. Watu waligombania sahani msibani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama alizunguka katikati yao, akigeuza chombo kimoja baada ya kingine, akipitisha kidole na kukuta pamelainika. Mwisho zikabaki sufuria mbili kubwa za kufanana. Moja ilikuwa inavuja. Mjane wa marehemu akashika ile nzima.

“Hii ndiyo yangu.”

Mimi niliijua sufuria ya mama kwa uzito wake, kwa ukingo wake, kwa kila kitu. Nilitaka kuruka. Mama akanishika mkono.

“Alama yako iko wapi?” mjane akamwuliza, si kwa ubaya. Nadhani hata yeye aliamini ni yake.

Mama aligeuka akatazama barazani. Mashemeji wa yule mjane walikuwa wamekaa pale tangu asubuhi, wakingojea watu watawanyike.

“Chukua, dada,” akasema. “Iingize ndani sasa hivi.”

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama walibaki kanisani kumhoji. Nilisimama nyuma karibu na mlango. Walisema maneno makali, na mengine yalikuwa ya haki. Mama hakujitetea. Alisema wachague mtunza vyombo mwingine, kisha akaomba jambo moja tu, kwamba mwanawe asisemwe vibaya.

“Alitaka kutusaidia,” alisema. “Hakujua.”

Nilijua. Jumamosi ile, nilipomaliza kuandika sufuria yake, niliibeba kuipeleka ndani. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya kujipaka. Nilipoitua, nusu ya jina la mama ilikuwa imehamia kiganjani mwangu. Nje akina mama walikuwa bado wananisifu. Nikafuta mkono kwenye kitenge changu, nikaandika upya, kwa wino mzito zaidi.

Pale kwenye mlango wa kanisa nilifungua mdomo ili niseme. Kisha mama akageuka akanitabasamia, nikanyamaza.