Jenerali Koti na Sentensi Iliyorukwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo nyembamba ya mwanzi na karatasi kumi na moja zilizopigwa chapa, nikaambiwa nizikariri kabla ya Jumatatu. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Mahali penyewe ni nyumba ya mawe nje kidogo ya mji wa Nyeri, upande wa barabara inayopanda kuelekea msituni. Ndani kuna picha, bunduki za kujitengenezea, sufuria na nguo za makamanda waliopigania ardhi na uhuru. Wageni huiita makumbusho. Sisi tuliofanya kazi pale tuliiita nyumba tu.

Aliyenipa fimbo alikuwa Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu, mtu wa tai kila siku hata jua likiwaka.

"Fimbo ni ya kuonyesha, si ya kuchapa watoto wa shule," akaniambia. "Na usiguse kioo nayo. Ukigusa kioo, mgeni anaangalia fimbo, haangalii kamanda."

Hapo alikuwa sahihi, na sitamnyima. Ninaandika haya kwa ajili ya ninyi mnaoanza kazi ya kuongoza wageni, maana wengi mmeniuliza ilikuwaje wakati wangu. Naandika pia kwa sababu nina hasira ambayo haijaisha. Atakayeona maneno yangu ni makali avumilie.

Kazi ilikuwa hivi. Kuzungusha kundi moja la wageni tuliita mzunguko. Mzunguko ulikuwa na vituo saba, na kila kituo kilikuwa cha kamanda mmoja. Ukutani kulikuwa na kibao, yaani ubao mdogo wenye maelezo ya kamanda kwa Kiingereza, na wewe ulitakiwa kuyageuza yawe Kiswahili au Kikuyu kutegemea ni nani amekuja. Dakika nne kila kituo. Ukizidisha, watoto wanaanza kusukumana. Ukipunguza, mwalimu wao ananuna mpaka kwenye basi.

Kila mgeni huwa na kamanda wake. Wanaume walimpenda Jenerali Radi, aliyekuwa akishambulia na kupotea kabla moshi haujatulia. Walisimama mbele ya picha yake wakiwa wametoa vifua kana kwamba walikuwa naye. Mimi nilimpenda Kapteni Kijiko, aliyegawia watu wake uji kwa kijiko kimoja, kila mtu kiasi sawa, na yeye akila wa mwisho. Nimekulia kwenye nyumba ya watu tisa, kwa hiyo mtu anayekula mwisho namjua nikimwona.

Kituo cha saba, cha Jenerali Koti, nilikipitia mbiombio. Kibao kilisema alikuwa mkimya, aliongoza kikosi kidogo, na alivusha watu wake mito iliyofurika bila kumpoteza hata mmoja. Alivaa koti kubwa la kijeshi, mvua na jua. Koti hilo lilikuwa ndani ya kioo, limefunguliwa kifuani, na kwa ndani lilikuwa limeshonewa mfuko mpana wa blanketi.

"Mfuko huu mzee alibebea risasi," niliwaambia wageni. Nilisema hivyo miaka na miaka, wala hakuna aliyebisha.

Mwaka wangu wa nne nilihamishiwa Nanyuki, ambako kamati ilikuwa imefungua chumba kimoja cha maonyesho karibu na soko la mifugo. Nilikaa huko miaka miwili, na nilifundishwa kazi na mtu ambaye hata hakuwa bosi wangu. Alikuwa mzee Mwislamu, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe, na kila siku ya soko alikuja akiwa na vumbi la zizi kwenye kanzu, akavua viatu mlangoni ingawa nilimwambia si lazima.

"Huyu Radi," akaniuliza siku moja, "watu wake walikula nini?"

"Sijui, Mzee."

"Mvua ikinyesha walilala wapi?"

"Sijui."

"Akiumwa mmoja, nani alimbeba?"

"Mzee, kibao hakisemi."

"Basi wewe binti humjui kamanda. Unajua bunduki yake." Akavaa viatu, akaenda zake akicheka.

Niliudhika wiki nzima. Halafu nikaanza kuuliza. Kila mzee aliyeingia pale nilimuuliza walikula nini, walilala wapi, nani alibeba wagonjwa. Mizunguko yangu ikawa mirefu na watu wakaacha kupiga miayo. Chumba cha Nanyuki kilipofungwa, nilirudi Nyeri nikijiona mtaalamu. Na bado sikuuliza lolote kuhusu koti.

Kisha nikamzaa Wambui. Nilirudi kazini akiwa na miezi mitatu, na nikamwomba Katibu nije naye, nimfunge mgongoni, kwani nyumbani sikuwa na mtu wa kumwachia.

"Mama Wambui," akasema, kwa upole wake ule wa darasani, "mtoto si mgeni na si mfanyakazi. Sasa atakaa kituo gani?"

Wenzangu wakacheka. Dada yangu, ambaye anauza mboga stendi, akakubali kukaa naye na kumleta saa saba. Nilimnyonyesha kwenye stoo, nimekaa juu ya sanduku la kaseti. Hizo kaseti ni sauti za wazee waliohojiwa zamani, wengi wao sasa ni marehemu. Katibu ndiye aliyezisikiliza na kuandika vibao vyote kutokana nazo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Walikuja akina mama wa kanisa moja la Gakindu, kama thelathini, wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Tulipofika kituo cha saba nikanyoosha fimbo na kusema, kama kawaida, kwamba mfuko ule wa ndani mzee alibebea risasi. Nyuma kabisa mtu akacheka. Alikuwa shosho, yaani bibi, wa miaka sabini na kitu, mfupi, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Risasi gani?" akauliza.

"Za bunduki, Shosho."

"Ati risasi." Akapenya mpaka mbele, akainama karibu na kioo. "Hiyo mfuko ilikuwa yangu. Hapo ndipo mimi nilikuwa nalala. Na huyo munaita mzee ni mama yangu."

Akina mama wakaguna, mmoja akamvuta mkono. "Nyakio, wacha msichana amalize kazi yake."

"Amalize nini na anasema uongo?" Akanigeukia, bila ukali wowote. "Mimi nilizaliwa huko msituni. Mama alikuwa ananibeba mbele, ndani ya koti, ndiyo mikono ibaki ya bunduki. Baada ya vita watu wa nyumbani walisema yeye alienda kupikia wanaume. Mpaka anakufa, mpishi. Hata kwa mazishi, mpishi. Mimi sijui kusoma, lakini nilisikia hapa kuna koti ya jenerali, nikasema wacha nikaone kama ni ile."

Nilikuwa nimesimama pale na fimbo yangu, na maziwa yalikuwa yamenilowesha blauzi kwa sababu saa saba ilikuwa imekaribia. Jamani, ni nani anayeweka risasi kwenye mfuko wa blanketi laini, kifuani? Mama yeyote angejua ule mfuko ni wa nini. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya, na bado kila siku nilisema ni wa risasi.

Wambui alipoletwa, niliingia naye stoo, nikatafuta kaseti ya mlinzi wa Jenerali Koti, mzee ambaye ndiye aliyelileta koti pale kabla ya kufa. Nilimweka mtoto kwenye ziwa nikabonyeza kinasa sauti. Mzee alizungumza Kikuyu dakika arobaini. Na hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye kosa. Kikuyu hakina neno la kumtenga mwanamume na mwanamke mtu anaposema "alikwenda" au "alisema". Kiswahili pia hakina. Mzee alisema aliongoza, alivuka, alinyamaza, kaseti nzima, na huwezi kujua ni baba au ni mama. Kiingereza ndicho kinachokulazimisha uchague, na Katibu alikuwa amechagua.

Lakini karibu na mwisho mzee akasema wazi: walifika ng'ambo ya mto, Jenerali akaketi, akanyonyesha mtoto, kisha akashika zamu ya kwanza yeye mwenyewe. Sentensi hiyo haimo kwenye kibao.

Nilimpelekea Katibu kinasa sauti ofisini, Wambui begani. Akasikiliza mara mbili. Akavua miwani.

"Hii nakumbuka," akasema. "Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Mtu anaongea juu ya jenerali, halafu ati ananyonyesha. Nikaona ni uzee. Nikairuka."

"Ukairuka."

"Ni sentensi moja, Mama Wambui."

"Ndiyo hiyo moja iliyomwacha mtu akiitwa mpishi mpaka leo."

Nitasema kwa haki kwamba hakuwa mtu mbaya. Alitumia uzee wake wote kukusanya sauti za watu ambao hakuna mwingine aliyewajali. Lakini alipeleka jambo hilo kwa kamati, na kamati ikasema litafanyiwa utafiti. Mimi nikaagizwa niendelee na maneno ya kibao mpaka utafiti uishe. Niliuliza utaisha lini. Mwenyekiti akasema utafiti hauharakishwi. Nikawaambia Shosho Nyakio ana miaka sabini na kitu na kifua kinamsumbua, na anachotaka ni jina la mama yake ukutani akiwa bado na macho ya kuliona. Wakasema wamenisikia.

Wiki iliyofuata ikaja shule, kidato cha pili. Kituo cha saba nikawaambia huyu alikuwa mwanamke, na mfuko huu ulikuwa wa mtoto. Msichana mmoja akauliza, "Na mtoto akilia, si adui angesikia?" Katika miaka kumi na moja hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali la maana kama hilo. Nikamwambia sijui ila nitauliza. Mwalimu wao naye akapeleka malalamiko ofisini, kwamba ninachosema na kilichoandikwa ni vitu viwili. Ikaja barua ya kamati: nifuate kibao au niache kazi. Nikairudisha fimbo mezani kwa Katibu. Hakuigusa.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni tu. Sasa ninashona sare za shule mjini, na Wambui anatambaa chini ya cherehani akiokota vifungo. Ninyi mnaobaki, nawaachia hili: kamanda hakuwa picha. Alikuwa na watu wa kulisha, wengine wa kubeba, wengine wa kunyamazisha. Hayo yote mkiyaacha mtakuwa mnasifu bunduki. Na mtu akisema jambo ambalo linaonekana halina maana, msisingizie uzee wake. Mrudieni, mmuulize tena.

Katibu alinipigia simu mwezi uliopita. Alisema ameketi na ile kaseti siku tatu, na ameiambia kamati kwamba kama kibao hakibadilishwi basi jina lake kama mwandishi litolewe. Akataka nimpe jina kamili la Jenerali Koti.

"Mimi sikupi," nikamwambia. "Nenda Gakindu ukamuulize binti yake."

Alienda. Shosho Nyakio alikuwa anachuma kahawa, na alimwacha amngoje chini ya jua na tai yake mpaka alipomaliza mistari miwili. Swali la yule msichana wa shule nilikuwa nimempa Katibu aliulize. Mtoto akilia, Shosho akamjibu, kikosi kizima kilisimama mpaka anyonye. Hakuna aliyenung'unika.

Jumamosi iliyopita nilimleta Shosho mwenyewe Nyeri, pamoja na wenzake wachache wa kanisa. Niliingia kama mgeni, na Wambui nimemfunga mgongoni, na hakuna aliyeniuliza atakaa kituo gani. Kamati ilikuwa imekubali, na kibao kipya ni cha Kiswahili. Shosho akanishika kiwiko nimsomee. Nikasoma kwamba Gathoni, aliyejulikana kama Jenerali Koti, aliongoza kikosi hiki, akakivusha mito, na akambeba na kumnyonyesha binti yake Nyakio ndani ya koti hili. Alikuwa shujaa asiyeogopa kitu chochote.

Shosho alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Akakishusha.

"Hiyo ya mwisho nani aliwaambia?"

"Ni namna ya kuandika tu, Shosho," akasema Katibu, aliyesimama nyuma yetu.

"Mama alikuwa anaogopa chura. Akiona chura kwa njia, watu wote wanasimama mpaka mtu aiondoe. Hata akiwa mzee, hapo nyumbani, ni mimi nilikuwa naziondoa. Hiyo mbona hamukuandika?"

Akina mama wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta. Katibu akanitazama. Sikumsaidia. Akapapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu na kijikaratasi, akamwinamia yule shosho.

"Chura wa aina gani?" akamuuliza.