Safari ya Wajir Kutafuta Picha ya Ukuta

Nilikwenda Wajir kwa sababu ya matundu. Watu wengi hapa Garissa hudhani nilikwenda kumsalimia mama mdogo, nami sijawahi kuwakosoa, lakini nyinyi wajukuu zangu mmeuliza, basi nawaandikia. Shule niliishia darasa la pili. Mkiona herufi imeanguka, iinueni.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta. Banda letu la maziwa pale sokoni lilikuwa bado jipya. Alilijenga fundi Omari Bwanaheri, mtu wa Lamu, na kabla ya kuweka jiwe la kwanza aliketi chini pamoja nasi siku nzima, kanyoosha mkono, anapima upepo unatugusa wapi. Kisha akaacha matundu ukutani, chini kabisa, usawa wa mtu aliyeketi. Maana muuza maziwa hasimami. Upepo ulipita kwenye vibuyu, na adhuhuri maziwa yalikuwa bado matamu.

Halafu lori likarudi nyuma vibaya, likauangusha ukuta huo. Fundi Omari alikuwa ameshafariki, na ramani yake ilikuwa kichwani mwake. Akaja kontrakta mwingine. Jina lake nalijua, silitaji, watoto wake ni watu wema. Akasema atajenga ukuta mzima na madirisha juu, kama nyumba za watu. Upepo upite juu ya vichwa vyetu kama mgeni asiyesalimia! Tulipolalamika akacheka.

"Matundu ya chini? Hayo yalichimbwa na mbuzi wenu."

Ofisa wa ujenzi alikuwa mtu wa haki, ila hakuwahi kuliona banda zima. Akatuambia, "Nileteeni kitu nione lilivyokuwa. Jumatatu ijayo mafundi wanaanza."

Kitu kilikuwa kimoja tu: picha ya siku ya ufunguzi. Mpiga picha, Salim Mbarak, alitoa nakala moja, akampa mama yangu mdogo, habaryar Dahabo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sokoni. Na Dahabo alikuwa amehamia Wajir.

Jumatano asubuhi nilipanda lori la babu yenu, Adan Noor, lililobeba sukari. Siku zile huwezi kwenda peke yako. Magari yanangojana, askari mbele, askari nyuma. Kwenye kizuizi askari mmoja akakisoma kibali changu mara mbili.

"Mama, unafuata nini Wajir?"

"Picha."

"Ya nani?"

"Ya ukuta."

Akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Watu wanakimbia vita, huyu anakimbilia ukuta!"

Babu yenu alitazama usukani. Tulipoondoka akaniambia, "Ungesema ni ya marehemu baba yako, wallahi, ungenipunguzia aibu."

Modogashe tulifika jioni, tukalala hapo kwa sababu ya kafyu. Mama mwenye hoteli, Fatuma Gedi, alinipa mkeka na chai, akakataa malipo aliposikia nauza maziwa. Vita vilikuwepo, sisemi havikuwepo. Lakini chai ile nilikunywa nimetulia.

Alhamisi tulipita Habaswein vumbi likiwa jeupe kama unga, na alasiri tukaziona nyumba za Wajir zilizopakwa chokaa. Habaryar Dahabo alinipokea mlangoni.

"Abaayo, mwanangu, umekonda! Adan hakulishi?"

"Ananilisha, habaryar. Nimekuja kwa ajili ya picha."

Akaishusha ukutani, akaifuta kwa shela yake. Nikaitazama. Wanawake wote tumesimama msitari mmoja, nguo zetu zinafagia ardhi. Salim alitusimamisha ili tupendeze! Nyuma ya vichwa vyetu ukuta mtupu, na matundu yote yamefichwa na magauni yetu. Picha ile ilikuwa shahidi wa kontrakta.

Nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Upande wa kulia ukingo ulikuwa umepinda.

"Habaryar, huku kumekatwa?"

Akaikunja shela yake. Kisha akasema, "Kulikuwa na Eybla."

Eybla Warsame nilimjua vizuri. Bibi yule siku ya picha alikataa kusimama. Alisema kibuyu chenye maziwa hakiachwi peke yake kwa ajili ya mwanamume na sanduku lake. Alibaki ameketi. Ameketi, wajukuu zangu! Ukutani!

"Ulimkata kwa nini?"

"Alisema mbele ya wanunuzi kuwa maziwa yangu yana maji. Ningemweka ukutani kwangu anitazame nikila?"

"Na kipande ulikitupa?"

Akaniona kama mtu asiye na dini. "Uso wa Mwislamu utupwe jalalani? Kiko sandukuni."

Akakitoa, akakaa nacho mkononi muda mrefu. Nilimweleza habari ya ukuta, ya mbuzi, ya Jumatatu. Mwisho akanipa, huku akitazama pembeni. "Chukua. Lakini mwambie, maziwa yangu hayakuwa na maji."

Kwenye kipande kile chembamba Eybla ameketi na vibuyu vyake, amenuna, na begani kwake kuna matundu matatu, mwanga unapita.

Ijumaa magari hayakutoka, nikasali Wajir. Jumamosi tulianza kurudi. Kizuizini alikuwepo askari yule yule, nikamwonyesha picha na kipande chake.

"Huyu bibi alikatwa kwa kosa gani?"

"Maziwa."

"Basi ni kesi kubwa," akasema, akatufungulia njia.

Jumatatu asubuhi niliweka vipande viwili juu ya meza ya ofisa, nikavisogeza mpaka vikagusana. Aliinama, akatazama sana. Kisha akamgeuzia kontrakta meza nzima, picha na yote.

"Mbuzi hawa walichimba kwa msitari ulionyooka," akasema.

Kontrakta, nimpe haki yake, alicheka mwenyewe. Aliomba Eybla akaketi pale pale alipokuwa, akapima kutoka ardhini hadi bega lake, na matundu yakarudi mahali pake. Ramani yetu ilikuwa bega la Eybla.

Salamu za Dahabo nilizifikisha. Eybla alikitazama kipande chake, akasema, "Amekata vizuri, hata kibuyu hakukigusa." Halafu akanipa kibuyu cha siagi nimpelekee. "Mwambie maziwa yake hayakuwa na maji." Akafikiri. "Siku nyingi hayakuwa."

Basi mkija na simu zenu kupiga picha nami hapa kwangu, msinune nikisema tukae chini. Si kwamba miguu inaniuma. Nataka ukuta nao uonekane.