Muulize Analala Wapi

Nakumbuka Jumapili moja ya mwaka 2017, tumetoka misa, chumba chetu pale Turffontein kimejaa watu hadi mlangoni, na simu yangu nimeiegemeza kwenye cherehani ili kila mtu aione Roma. Mwanangu, wewe uliyezaliwa hapa hapa Johannesburg, unayenijibu kwa Kizulu nikikusemesha Kiswahili, leo kaa unisikilize. Najua umezichoka hadithi zangu, lakini hii sikusimulii ili ufurahi.

Huko Roma alikuwako Deo, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa. Tulitoka Bukavu pamoja, mimi nikabaki huku nikishona nguo, yeye akaenda Ulaya kwa njia ambazo hakupenda kuzisimulia. Kila Jumapili alitupigia simu ya video na kututembeza mjini, nasi tulikula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, huku tukimwangalia. Alituonyesha ule uwanja wa kale wa mawe ambako zamani watu walitupwa kwa simba. Alituonyesha kanisa la Mtakatifu Petro, na akina mama wenzangu wakapiga ishara ya msalaba mbele ya cherehani. Alituonyesha chemchemi ambamo wageni hutupa sarafu kisha wanajipiga picha, wazima kabisa wa akili.

Na vyakula! Alikuwa akisimama nje ya mikahawa na kuielekeza simu kwenye meza. Tukaona tambi zenye jibini na pilipili manga. Tukaona madonge ya wali yaliyokaangwa, yamefichwa jibini ndani.

"Munaona hii? Ukiikata, jibini inavutika kama kamba!" alisema Deo, nasi tukameza mate.

Kisha aliinama kwenye bomba la chuma la barabarani, akanywa sana, akajipangusa. "Maji ya Roma ni tamu, yaya. Na ni ya bure." Chumba kizima tukapiga makofi. Sikia hilo vizuri, mwanangu. Tulikuwa tunampigia makofi mtu anayekufa njaa.

Mjomba Bahati, mdogo wa mama yetu, ndiye aliyetangulia kufika mji huu kabla yetu sote. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimchokoza alikuwa mkali. Jumapili ile aliweka sahani yake chini, akasogea karibu na simu.

"Deo, leo umekula nini?"

"Si munaona, mjomba? Tambi."

"Naona sahani ya watu. Kila Jumapili naona sahani ya watu. Kitu naona kinaingia mu kinywa yako ni maji tu. Geuza simu, utuonyeshe fasi unalala."

Deo alicheka kidogo. Akasema mtandao ni mubaya, na simu ikakatika.

Tantine Rose, jirani yetu msusi, alimgeukia mjomba kwa hasira. "Eish, Papa Bahati! Kwa nini unamupatisha haya mutoto mbele ya watu?"

"Mimi nilifika hapa nikalala bustanini," mjomba akamjibu. "Na picha nilituma Bukavu, nimeegemea gari ya mutu kule Sandton kwa matajiri. Nani humu ndani hakufanya vile?"

Kila mmoja wetu alikuwa na picha yake ya Sandton, amevaa viatu vya kuazima, amesimama mbele ya duka ambalo hajawahi kuingia. Tulijua namna picha hizo zinavyopigwa, maana ndizo tulizowatumia wazazi wetu. Ya Deo tukaiamini hata hivyo, kwa sababu ilikuwa tamu kuiamini.

Siku chache baadaye Deo alinipigia mimi peke yangu. Hakunitembeza popote. Aliigeuza simu polepole, nikaona ukuta nyuma ya stesheni, maboksi yaliyotandikwa chini, na blanketi moja. Alikuwa anakohoa. Mimi huku nilikuwa natokwa na jasho la Januari, yeye kule pumzi yake inatoka kama moshi.

"Rudi, Deo," nilimwambia. "Tutachanga, urudi."

"Nirudi na nini mu mikono, yaya? Usimwambie mama."

Tulianza kuchanga. Baridi haikutungoja. Watu wa kanisa moja la kule, waliokuwa wakigawa supu stesheni, ndio waliotupigia simu, na ndio waliomzika. Kaburi lake ndilo sehemu pekee ya Roma ambayo hatukuonyeshwa. Moyo unaniuma hadi leo nikiona tambi dukani.

Ndiyo maana nakusumbua, mwanangu. Rafiki yako akikutumia majumba na sahani kutoka ugenini, usimwulize ameona nini. Muulize analala wapi, na jana alikula nini, na muulize mapema, mkiwa wawili, kabla hajazoea kukudanganya. Akinyamaza, usimwache. Na siku ukiwa wewe ndiye uko mbali, usinifiche. Nitumie picha ya kitanda chako hata kama ni boksi. Ukirudi mikono mitupu nitakufungulia mlango, na atakayekucheka atanikuta mimi.

Baada ya matanga ya Deo nilimtumia mama kule Bukavu picha ya chumba hiki, pamoja na lile pazia linalotutenga na familia nyingine. Alinipigia akilia. "Miaka yote hii," akasema, "leo ndiyo nimekuona."

Mungu akupe mahali pa kulala usipopaonea haya, na akupe mtu wa kukuuliza. Ukipita karibu na Roma, mwanangu, mpelekee mjomba wako Deo mkate.