Vumbi la Tairi Katika Maharage ya Juru

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Mbarara katika miaka ya themanini, Hajji mwenye karakana ya mtaa wa Nyamityobora alinipa brashi ya chuma, akanionyesha rundo la matairi vipara.

"Kwangua vizuri, kijana. Gundi haishiki uchafu."

Ndiyo kazi iliyonilea. Tairi lililokwisha tulilikwangua, tukalivisha mpira mpya, kisha tukalipika kwenye tanuri mpaka vishikane. Matairi mapya yalikuwa adimu, nasi tulijiona waokozi wa barabara. Jioni nilitema makohozi meusi nikacheka. Kazi mbaya si mchezo mwema.

Baadaye nilihamishiwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako kokoto zilikuwa zikiyala matairi ya malori ya chakula. Msimamizi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mkali lakini mkarimu. Hapo ndipo alipokuja Mama Neema, mjane kutoka Zaire aliyelima maharage Juru, upande mmoja wa kambi. Kwao mbegu huchanganywa na majivu ili zisibunguliwe. Vumbi letu la kukwangua matairi lilikuwa jeusi na laini, akaliona bora kuliko majivu.

"Baba fundi, munipatie ile vumbi. Nitaweka mu maharage, badudu basikule mbegu."

"Chukua yote, mama," msimamizi alijibu. "Hiyo takataka, sisi natupa tu."

Hakuna aliyeona ubaya. Si mpira hutoka kwenye mti?

Wadudu kweli hawakuzigusa mbegu zile. Kisha mvua ikakata barabara, malori yakakwama, na Mama Neema akalazimika kupika mbegu zake. Nilipokwenda kumjulia hali, harufu ya mpira ilinipokea kabla sijabisha hodi. Sufuria ilikuwa tupu.

"Nimeosha mingi, baba, harufu haitoke. Batoto bamekula vile vile. Bangekula nini?"

Niliumia, na bado naumia.

Sasa nimestaafu, naishi Kakiika, hapa Mbarara. Wajukuu hunicheka nikienda msikitini kwa miguu na bodaboda ipo mlangoni. Nawaambia kwamba kila gari hukwangua matairi yake barabarani, kila breki, kila kona, na mvua hulisomba vumbi hilo hadi bondeni tunakolima mboga. Mwenye mgonjwa na apande, simkatazi. Lakini mkate wa dukani hapo jirani, jamani, miguu ipo.

Mama Neema aliliona vumbi lake, akaosha. Ninyi mtaosha nini?